Masasi Mengi, Njia Moja ya Kupita

Mkutano wetu wa sindika wa mwisho wa mwezi ulikuwa na mambo matatu ya kuzungumza: kaske mpya, primu ya usiku, na gari la kubeba wafanyakazi. Kati yetu madelege, hakuna aliyefikiri ya kama tutamalizia na mchezo wa telefoni. Lakini njo vile ilikuwa.

Kesi yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja wa posti ya asubuhi anaamka saa tisa ya usiku, ju gari linapita saa kumi. Siku ile telefoni yake haikulia. Batri ilikuwa imekwisha. Gari likapita, likamwacha. Alipofika ku kazi kwa miguu na kwa pikipiki, alikuta barua ya lawama inamungoja, na siku moja ya mshahara imekatwa. Akarudi nyumbani na kuuliza ni nani alimaliza batri. Mtoto wake wa miaka kumi na ine akainamisha kichwa. Alikuwa amecheza mpaka katikati ya usiku, chini ya blanketi, ili mwanga usionekane.

Ku mkutano, mama wa mtoto akasimama mbele ya watu wote.

« Bababa na bamama, mutoto yangu hana mubaya. Ku masomo anapita. Lakini ile mucheze yake, miye siielewe. Ni masasi, paka masasi, ekrani inajaa mpaka hauone kitu. Na yeye anaangalia tu sawa mutu balimuloga. Mutusaidie. »

Mbele tujibu, muzee mmoja wa pensheni, aliyekuja kwa ajili ya mambo ya karatasi zake, akaomba neno.

« Mu mwezi wa tano 1978, siye tulilala chini ya kitanda hapa Kolwezi. Masasi ilikuwa inapita ku madirisha. Tuliona bafu mu barabara. Leo bajukulu betu banatafuta masasi ju ya kujifurahisha? »

Watu wote wakanyamaza. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo mwaka ule, wengine hatukuwa tumezaliwa, lakini hakuna nyumba ya Kolwezi isiyokuwa na habari za wakati ule. Waasi waliingia mu mji tarehe 13 Mei 1978, na wanajeshi wa Ufaransa wakashuka na parashuti tarehe 19. Kati ya siku zile mbili, kila jamaa iko na hesabu yake.

Basi mkutano ukatupatia kazi: mbele ya kukataza, muende kwanza muone. Shefu akitoa malipizi bila kuuliza, tunamulaumu. Sisi tusifanye vile kwa watoto wetu.

Siku ya mungu, kisha misa

Tulienda watatu. Baba wa mtoto alitukaribisha, telefoni iliwekwa ku chaji, na mtoto akakaa katikati yetu, mwenye haya sana. Akafungua mchezo.

Chini ya ekrani kuna ndege ndogo. Inapiga yenyewe, bila kupumzika. Juu wanatokea maadui: ndege zingine, mashini kubwa, na mwisho wa kila sehemu mashini moja kubwa kupita zote. Nazo zinatupa masasi. Si tano, si kumi. Mamia. Yanatoka mviringo sawa maua yanayofunguka, yanazunguka sawa tairi la beni, yanashuka sawa mvua ya mwezi wa kwanza. Rangi yao ni ya kung'aa, ili jicho liyaone vizuri.

Tukajaribu mmoja mmoja. Mbele ya kuhesabu mpaka makumi mawili, wote watatu tulikuwa tumekufa. Delege mwenzetu mwenye kuendesha mashini ya kuchimba tangu miaka kumi na tano, mwenye mikono isiyotetemeka, alikufa wa kwanza. Mtoto akacheka kidogo, kiisha akasema jambo ambalo tulirudi nalo nyumbani.

« Bababa, munaangalia masasi. Musiangalie masasi. Muangalie nafasi. »

Akatuonyesha siri ya pili. Ndege ile inaonekana kubwa, lakini sehemu yenye kufa ni ndogo sana: nukta moja katikati, karibu na kiti cha dereva. Lisasi likipita ku bawa, hakuna kitu. Likigusa nukta, umekwisha. Kwa hiyo mahali ambapo sisi tuliona ukuta, yeye aliona mlango.

Siri ya tatu: masasi ni mengi lakini yanaenda polepole. Mu michezo ya zamani ya kupiga, masasi yalikuwa machache na ya mbio. Huku ni kinyume. Uko na wakati wa kufikiri, kama moyo wako unakuachia wakati.

Ilitoka wapi

Kijana mmoja wa kartye, mwenye kutengeneza ordinatera, alitusaidia kutafuta historia. Tunaiandika hapa kwa ufupi, ju wazazi wengi wanafikiri mambo haya yalizaliwa jana pamoja na telefoni.

Yalizaliwa Japani, mu sali za michezo, ambamo mtu anaingiza feza ya chuma mu mashini na kucheza akiwa amekaa ao amesimama. Mwaka 1978, ule ule wa vita vya Kolwezi, kompani ya Taito ilitoa Space Invaders, kazi ya injiniere Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55 walikuwa wanashuka polepole, safu tano za kumi na moja. Kadiri unavyowapunguza, ndivyo wanaobaki wanavyoenda mbio. Hiyo haikupangwa mwanzoni: mashini ilikuwa na nguvu kidogo, na wavamizi wakipungua, kazi yake inakuwa nyepesi, inawasukuma kwa haraka zaidi. Nishikado aliona ya kama inafaa, akaiacha.

Miaka kumi na zaidi, michezo ya ndege ilitawala zile sali. Kiisha, mwaka 1991, kompani ya Capcom ikaleta Street Fighter II, mchezo wa watu wawili kupigana ngumi na mateke, na vijana wakahamia kule. Watengenezaji wa michezo ya ndege wakaanza kukosa kazi. Mmoja wao, kompani ya Toaplan ya Tokyo, alitoa Batsugun mu 1993, mchezo wenye masasi mengi kupita yote ya mbele yake. Wengi wanauhesabu kuwa mzazi wa aina hii. Lakini haukumuokoa: mu 1994 Toaplan ilianguka, wafanyakazi wakatawanyika.

Sisi watu wa mine tunajua kompani ikianguka inakuwa namna gani. Wengine wanarudi kijijini, wengine wanauza vitu ku barabara, wengine wanafungua kitu chao. Wale wa Toaplan walifanya ya mwisho. Mwaka ule ule kompani ya Cave ikazaliwa, na ndani yake fundi kijana aliyekuwa amefanya kazi kwa Batsugun, Tsuneki Ikeda. Mu 1995 walitoa DonPachi, mu 1997 DoDonPachi. Ndani ya huo wa pili, mtu mwenye kumaliza mchezo vizuri anapata ruhusa ya kuurudilia mara ya pili kwa ugumu zaidi, na ku mwisho wa mwisho anangojwa na adui anayeitwa Hibachi, nyuki wa moto. Wenye kumushinda kwa feza moja tu ya chuma ni wachache, na majina yao yanajulikana kati ya wachezaji.

Wajapani wakauita mtindo huu danmaku, maana yake pazia la masasi. Jina linafaa.

Kutoka pale mti ukatoa matawi. Mu 2001 kompani ya Treasure ilitoa Ikaruga, ambamo ndege iko na rangi mbili, nyeupe na nyeusi: ukiwa mweupe, masasi meupe hayakuue, unayameza; ukibadilisha rangi, ni meusi njo chakula. Na kuna mtu mmoja, anajiita ZUN, mwenye kufanya michezo ya Touhou peke yake: programu yeye, michoro yeye, muziki yeye. Alikuwa mfanyakazi wa Taito, ile ile ya Space Invaders. Mu 2002 aliuza Touhou ya sita ku soko kubwa la wapenzi wa michoro, Tokyo. Ndani yake hakuna wanajeshi: ni wasichana wenye kuruka hewani, na masasi yao yanafanana na mapambo ya sikukuu. Leo Touhou inajulikana dunia nzima.

Tulimupelekea muzee wa pensheni habari hii. Alisikia mpaka mwisho. Akauliza: « Kwa hiyo habaui batu? » Tukajibu: mara mingi ni mashini na vinyago, na kazi kubwa ya mchezaji ni kutoguswa. Akatikisa kichwa, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Namna wanavyopona

Tulirudi kwa mtoto mara ya pili na ya tatu, ju tulianza kuona ndani ya mchezo kitu ambacho tunakijua. Alitufundisha kanuni zake, na tukaziandika mu kaye ya sindika, pembeni ya mambo ya kaske.

Kanuni ya kwanza: ujue lisasi linakutafuta ao halikutafuti. Kuna masasi yenye kutupwa mahali ulipo wakati wa kutupwa. Mengine yanatupwa tu, hayana habari nawe. Adui akitupa matatu ao matano kukuelekea, lile la katikati ni lako: hama. Akitupa mawili ao mane, yanakupita pembeni: kaa mahali pako, usiguse kitu. Mwenye kuogopa anakimbia wakati wote, na wengi wanakufa ju walikimbilia lisasi ambalo lilikuwa linawapita.

Kanuni ya pili: masasi yenye kukutafuta, uyavute. Usiruke mbio kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ju utatawanya masasi kila mahali na kujifungia mwenyewe. Sogea kidogo kidogo upande mmoja, hatua ya sisimizi. Masasi yote yanajipanga mustari nyuma yako, yanapita pale ulipokuwa. Ukifika karibu na ukuta, ruka mara moja kurudi upande wa pili, anza tena.

Kanuni ya tatu: usikae mu kona. Kona inaonekana salama kwa dakika moja, kiisha inakuwa kaburi. Kaa chini katikati, na kila wakati ujue utatokea wapi.

Kanuni ya ine ni bombu. Mchezaji anapewa bombu mbili ao tatu zenye kusafisha ekrani yote. Wachezaji wabaya wanakufa nazo mu mfuko. « Banajionea haya kuitumia », mtoto alituambia. « Banafikiri batatoka benyewe. »

Delege mwenzetu wa mashini aliposikia hiyo, alinyamaza muda. Kiisha akasema: njo sisi. Ni mara ngapi mtu ameona ufa mu mwamba juu ya kichwa, ameona mbao ya kushikilia inalia, na hakupiga kelele, ju alijionea haya kusimamisha kazi ya wengine? Alifikiri atatoka mwenyewe. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, wa mwaka 1995, juu ya usalama mu migodi, unasema mfanyakazi iko na haki ya kutoka mahali penye hatari kubwa akiwa na sababu ya kweli ya kuiogopa. Hiyo njo bombu yetu. Nayo wengi wetu tunakufa nayo mu mfuko.

Mchezo unaopandisha normu

Kuna mchezo mmoja uliotushangaza kupita yote. Unaitwa Battle Garegga, ulitoka mu 1996 kwa kompani ya Raizing, mutengenezaji wake mukubwa ni Shinobu Yagawa. Ndani yake kuna hesabu iliyofichwa. Kila lisasi unalopiga, kila zawadi unayookota, kila nguvu unayoongeza ku ndege yako, hesabu ile inapanda, na maadui wanakuwa wakali zaidi. Mtu mwenye bidii, mwenye kupiga bila kupumzika na kuokota kila kitu, anafika mbele na kukuta mchezo hauwezekani tena. Alijifungia kwa mikono yake.

Wachezaji wenye akili waligundua. Wakaanza kupiga kwa kipimo, kuacha zawadi zingine zianguke, na hata kuacha ndege yao ivunjwe kwa wakati waliouchagua, ju kufa kunashusha ile hesabu.

Tulipoeleza hii ku mkutano, watu walicheka, kiisha wakaacha kucheka. Mwezi huu ekipi inapita normu, inapewa primu na kupongezwa. Mwezi unaofuata, ile iliyokuwa rekodi inakuwa normu, na mwenye kuifikia hapongezwi tena. Mwezi wa tatu, mwenye kufikia normu ya zamani anaitwa mvivu. Hakuna aliyeandika kanuni hii ku ukuta, lakini kila mtu wa kariyeri anaijua kwa mgongo wake. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mu mchezo wa Yagawa unaweza kushusha hesabu kwa kupoteza ndege, na ku mfuko wako kuna ndege ingine. Sisi hatuna ndege ingine. Njo maana hesabu yetu inashushwa ku meza, kwa mazungumzo, watu wote pamoja, hapana kwa mwili wa mtu.

Na tofauti ya pili. Mu mashini za zamani, masasi yakizidi mno, mashini ilichoka, mchezo wote ukaenda polepole, na mchezaji akapata pumzi ya kupita. Watengenezaji waliona ya kama inasaidia, na kiisha wakaihesabu ndani ya mchezo kwa makusudi: hatari ikizidi, mwendo unapunguka. Ku kazi yetu, mara mingi ni kinyume. Mvua imenyesha, udongo umelainika, beni zinateleza ku muteremuko, tani za juma zimechelewa, njo wakati redio inalia: haraka, haraka. Tunaomba kitu kidogo tu, kile ambacho Wajapani walikipatia mchezo wa watoto.

Wazazi wafanye nini

Mama yule alituomba msaada, hakutuomba hotuba. Basi tunasema wazi tulichoona.

Mchezo huu si kamari. Watoto wengine wa kartye wanatia feza mu michezo ya kubahatisha mpira, na kule hakuna ufundi wa kukuokoa: mwenye kushinda ni mwenye duka. Huku mtoto anashindwa mara mia na anajua ni kwa nini. Anajifunza kungoja, kuangalia mbele, kutoogopa wingi. Hiyo si kitu kidogo.

Lakini ni mchezo wa kuiba usiku. Kila mara unakufa karibu na mwisho, na mkono unasema: mara moja tena. Saa mbili zinapita sawa dakika kumi. Mtoto wa miaka kumi na ine anahitaji usingizi, na macho yake hayapendi ekrani chini ya blanketi. Tena telefoni ya mfanyakazi si kitu cha kuchezea mbele ya posti. Ni saa yake ya kuamka, ni njia ya kuitwa kama kuna ajali, mara ingine ni mshahara wake pia. Batri ikikwisha, si mchezo tena.

Na watazame michezo ya bure yenye kuomba feza ndani: ununue ndege hii, ununue nguvu hii. Wazee wa mtindo huu, DoDonPachi na wenzake, waliheshimu mtu mwenye kumaliza kwa feza moja ya chuma. Hiyo njo sheria nzuri ya kuwapatia watoto: ukiwa fundi kweli, maliza bila kununua.

Nyumba ile wamepatana hivi. Mtoto anacheza kisha masomo, mezani, mbele ya watu, mpaka saa mbili ya usiku. Kiisha telefoni inalala mu chumba cha wazazi, ku chaji kama umeme uko. Baba amenunua saa ndogo ya kuamsha, ile ya kukaza kwa mkono, isiyohitaji batri ya telefoni. Na watu wa posti moja wenye kukaa barabara moja wamekubaliana: mwenye kutoka wa kwanza anagonga mlango wa mwenzake. Kitu hicho wazee wetu wa kambi walikifanya, sisi tulikiacha ju telefoni zilikuja.

Jiwe ndani ya mkono wake

Tunamalizia na jambo ambalo mtoto hakulijua, nasi tulimwambia.

Ndani ya batri ya telefoni ile kuna kobalti. Batri za namna hii zilianza kuuzwa mu 1991, na kompani ya kwanza kuziuza ilikuwa Sony, ya Japani, nchi ya ile michezo. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo yetu, na sehemu kubwa ni hapa, Kolwezi na kandokando. Koltani ya mashariki inatoa tantali yenye kutumika mu vipande vidogo vya umeme ndani ya telefoni na mashini za michezo. Kwa hiyo mtoto aliposhika telefoni usiku chini ya blanketi, labda alishika jiwe lililopita mu mikono ya watu wa kartye yake. Alitazama telefoni, akaigeuza, akaitazama nyuma. « Ya hapa? » aliuliza. Tukamwambia: ya hapa.

Baba yake akamwambia neno lingine, na tunaliandika vile alivyolisema:

« Mwenye kufanya mucheze yako aliangalia kwanza kama njia iko. Hata masasi ikiwa elfu, aliacha pa kupita. Kama ulikufa, ni makosa yako. Ku kazi yangu, hakuna mutu mwenye kuniahidi vile. »

Hiyo njo tofauti yote. Mchezo mzuri wa danmaku unatengenezwa kwa haki: mutengenezaji anahakikisha ya kama mtu anaweza kupita. Mwamba hauna haki, vumbi halina haki, beni yenye breki mbovu haina haki. Njia ya kupita lazima iwekwe na watu: mbao za kushikilia, hewa safi chini, kaske isiyopasuka, gari lenye kupita kwa saa yake, na shefu mwenye kusikia mtu anaposema kuna ufa. Tukisema mfanyakazi ajifunze kukwepa, tumesema nusu tu. Nusu ya pili ni kuuliza nani anatupa masasi, na kwa nini yanazidi.

Muzee wa pensheni alikuja mara ya mwisho tulipokuwa kwa mtoto. Aliomba telefoni. Alicheza, vidole vyake vikubwa vikifunika nusu ya ekrani, akafa, ndege ikarudi, akafa tena. Akairudisha kwa mtoto taratibu.

« Ni mucheze », alisema. « Hii inakufa, inarudia. Benye niliacha chini, habakurudia. Ucheze, mwanangu. Lakini ukue ukijua ile. »

Barua ya lawama ya mwenzetu bado iko mu faili yake. Tumeandika kuomba itolewe na siku yake ilipwe, ju tangu miaka sita hakuwahi kukosa posti. Jibu halijafika. Mkutano unaokuja tutasoma jibu hilo mbele ya wote, ao tutasoma ya kama hakuna jibu. Mambo ya kaske, primu na gari yanabaki ku meza. Mama zetu na watoto wenu wakubwa, muje nao: tumejifunza ya kama mtoto anaweza kuona nafasi pale ambapo sisi wazee tunaona masasi tu.